Mabakuli Yaliyovuka Mto

Ardis Kvamme alikuwa na sauti ya kusimamisha treni. Siongezi chumvi. Treni ya ngano iliyokuwa ikipita nyuma ya uwanja wa Chuo cha Bredahl ilisimama siku moja katikati ya mchezo, dereva akatoa kichwa dirishani na kuuliza nani kamwita. Nilikuwepo, nimekaa ubavuni mwa Ardis, na sikio langu la kushoto ndilo lililoumia. Mpaka leo mtu akitaka kuninong'oneza huzunguka upande wa pili.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, Bredahl yetu ya Dakota, Marekani, ikiwa bado na duka la viatu na kinyozi wa kweli. Jumamosi za majira ya vuli mji mzima ulihamia uwanjani. Ng'ombe walikamuliwa mapema, mbwa wakaachwa walinde nyumba, na hata wezi, kama tungekuwa nao, wangekuja kutazama mpira. Vijana wetu, na kofia zao ngumu na mabega yao ya bandia, waliugombania ule mpira wenye umbo la yai kama watu walioambiwa ndani yake kuna urithi.

Sisi tulikaa upande wa mashariki, kwenye benchi la mbao la juu kabisa. Upepo wa huko juu haukuwa na adabu. Ulimvua mchungaji wetu kola ya shingoni siku ya mchezo wa kwanza wa mwaka fulani, ukaenda nayo, ikarudi Jumanne imefuliwa na kupigwa pasi. Lakini ukishazoea kukaa juu hutaki kushuka. Gordy Stumvoll, fundi wa matrekta, alikaa mwisho wa kushoto. Mimi nikamfuata, kisha Ardis, na baada ya Ardis nafasi ya mtu mmoja iliyotandikwa blanketi la kijani.

Hiyo ilikuwa nafasi ya Milo, mumewe. Milo alifariki theluji ilipokuwa inayeyuka, na msimu ule ndio ulikuwa wa kwanza bila yeye. Hakuna aliyethubutu kuikalia. Ardis alizungumza nayo mchezo mzima.

"Umeona, Milo? Kaudaka kama anapokea kichanga kwa mkunga. Na yule mwingine, mtazame, anakimbia kama amevaa viatu vya mama yake."

Nilimwuliza mara moja kama na nyumbani huzungumza naye hivyo.

"Nyumbani? Nyumbani tulikuwa tunapitishiana chumvi tu, Thora. Milo hakuwa mtu wa maneno. Hapa ndipo tulipokuwa tunaongea. Nikianza kuongea naye jikoni, si ataniona nimechanganyikiwa?"

Kwa hiyo mjue: kwa Ardis lile benchi halikuwa benchi.

Sasa msimu ule kocha wetu, Lindquist, mtu mfupi mwenye haraka ya kuku aliyeona tai, alileta mtindo mpya. Desturi ya mchezo ule ni kwamba watu wakishaangushana husimama, hujikusanya vichwa pamoja, hunong'onezana watafanya nini, halafu hujipanga tena. Lindquist akafuta kunong'onezana. Vijana wetu waliangushwa, wakainuka, wakacheza tena kabla mavumbi hayajatua. Walikuwa na kasi, vivuli vyao vilibaki nyuma vikiuliza njia. Timu pinzani zilikata pumzi. Na zilipokata pumzi, zikagundua dawa: mchezaji akiumia, mwamuzi husimamisha kila kitu. Basi wakaanza kuumia.

Wageni wa kwanza kutujia walikuwa watu wa kusini. Kijana wao mmoja alianguka bila kuguswa na mtu, akashika paja. Benchi letu likazomea. Ardis akazomea mpaka njiwa wakahama mnara wa kanisa. Gordy akavua glavu na kuirusha, nayo kwa bahati mbaya ikafika. Kumbe mama wa yule kijana alikuwa amekaa safu mbili chini yetu. Aligeuka, akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayechagua viazi. Mguu wa mwanawe ulikuwa umekaza kweli, ikabidi abebwe.

Mkuu wa chuo, Daktari Aasen, alipanda ngazi zote mwenyewe, na alipofika juu ilibidi tumsubiri apate pumzi ya kutugombeza.

"Nasema mbele ya watu wote," alisema. "Mchezaji yeyote akidhihakiwa tena akiwa chini, awe wetu awe wa wageni, benchi hili nawapa wapiga tarumbeta."

Ardis alirudi nyumbani nami. Njiani akaniambia, "Thora, wapiga tarumbeta watamkalia Milo."

Wiki zikaenda. Tukajifunza kufumba midomo. Gordy alikuwa anatafuna skafu yake, na msimu ulipofika katikati skafu ilikuwa imebaki saizi ya leso. Ndipo wakaja Kessler.

Kessler ni mji wa ng'ambo ya mto. Wao ni Wajerumani na Wakatoliki, sisi ni Wanorwei na Walutheri, na baina yetu kuna maji machafu na ndoa chache za aibu. Tukicheza nao, kila familia hupeleka chakula, kwa sababu baada ya mchezo watu hula pamoja maegeshoni, mshindi na mshindwa. Na chakula chenyewe, kwa pande zote mbili, ni kile kile: bakuli la kioo la kuoka, chini nyama ya kusaga na maharagwe mabichi, katikati supu nzito ya uyoga ya kopo, juu viazi vilivyokaushwa mpaka vikawa na rangi ya dhahabu. Bakuli hilo ndilo tunalompelekea mgonjwa, mfiwa, aliyejifungua, na aliyechomwa na moto. Chini yake kila mwanamke hubandika kipande cha utepe wa gundi chenye jina lake, na aliyekula hulirudisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, limeoshwa, na haliji tupu. Huko kwetu mtu anaweza kukopa ng'ombe akasahau. Bakuli hasahau.

Mchezo ulipoanza, Lindquist akawaachia vijana. Kessler wakakimbizwa, wakahema, wakageuka rangi. Mara mmoja akaanguka na kushika goti. Mwamuzi akapiga filimbi. Wenzake wote wakaenda kunywa maji kama watu walioalikwa harusini.

"Huyo hajaguswa," Gordy alisema kupitia meno.

"Tafuna skafu," nikamwambia.

Yule kijana aliinuka, akachechemea hadi pembeni, na tulipocheza mara tatu tu akarudi anaruka kama mbuzi. Kisha akaanguka mwingine. Huyu wa pili alianguka kabla mpira haujaondoka. Nyinyi mtasema Thora anatunga, lakini kulikuwa na mwingine aliyeanguka akiwa amekaa kwenye benchi lao, nadhani alichanganya zamu.

Gordy akafungua mdomo. Nikaona koo lake limejaa. Ardis akamshika mkono.

"Wewe Gordy. Funga hilo domo. Unataka tarumbeta?"

"Mama Kvamme, nitapasuka."

"Pasuka kimya kimya." Kisha akatazama uwanjani kwa muda, akaniuliza, "Thora, mtu akiumia tunafanya nini?"

"Tunampelekea bakuli."

"Basi."

Akachukua bakuli lake kapuni, bado la moto, limefungwa taulo, akashuka ngazi zote. Uwanja mzima ukamtazama. Alivuka mpaka kwenye benchi la Kessler, mwanamke mfupi mwenye koti la mumewe, akasimama mbele ya yule kijana wa kwanza.

"Wewe ndiye mwenye goti?"

"Ee… ndiyo, mama."

"Pole sana, mwanangu. Kula kabla halijapoa. Jina langu liko chini."

Yule kijana akatazama chini ya bakuli, akaona utepe, na kutoka kule juu niliona masikio yake yanawaka. Alijua maana yake. Mama zao ndio mama zetu, tofauti ni mto tu.

Alipoanguka mwingine, Ardis alichukua bakuli langu. La Gordy, lililopikwa na mkewe, likamfuata wa tatu. Kila kijana aliyeinuka, benchi letu lilisimama na kumpigia makofi ya taratibu, ya heshima, marefu kuliko inavyofaa. Watu wa safu za chini walicheka mpaka wakashikana. Kufikia robo ya mwisho hatukuwa na chakula chochote, ila lilibaki bakuli moja dogo la akiba la Ardis, lile la viazi vingi.

Ndipo akaanguka kijana mrefu, mlinzi wa pembeni. Alianguka vibaya, lakini na wenzake pia walikuwa wameanguka vibaya, kila mmoja akijitahidi kumshinda mwenzake. Huyu alikaa chini kidogo zaidi. Ardis akamshushia lile dogo. Kwa umbali nilimwona anainama, anasema neno, anaweka bakuli mapajani mwa kijana aliyekuwa amejifunika uso kwa taulo. Akarudi anacheka.

"Huyu wa mwisho ni fundi," akasema. "Hata machozi anayo."

Tulishindwa kwa teke moja la mwisho. Asiyekubali kushindwa si mshindani, basi tukapiga makofi, tukarudi nyumbani na njaa. Hatukuzomea hata kidogo, na Ardis alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Milo alipofariki.

Haikupata jua la pili. Asubuhi yake kocha wa Kessler alimpigia simu Daktari Aasen: watu wako wamewadhihaki wachezaji wangu majeruhi mbele ya halaiki. Daktari Aasen akaja kwa Ardis baada ya ibada, kofia mkononi.

"Ardis, chakula ni wema au dhihaka?"

"Ulikula kwangu mara ngapi, Daktari? Ulidhihakiwa?"

"Usinizungushe. Ijumaa nitawaita wale vijana. Hata mmoja akisema alidhihakiwa, nimefungwa na maneno yangu mwenyewe. Niliyasema mbele ya watu."

Na mchana ule ule wakaanza kufika. Niliona yote, maana nilikuwa nimekaa jikoni kwa Ardis nikijifanya naosha vikombe. Gari la kwanza likasimama, akashuka kijana mwenye bakuli, na mama yake akabaki ndani amekunja mikono, kioo kimeshushwa.

"Kachechemee vizuri," tulimsikia mama anasema. "Si ulikula nyama ya mtu kwa ajili ya goti lako? Haya, lichechemeze."

Kijana akachechemea kwa mguu wa kushoto hadi mlangoni. Ardis akampokea, akainua taulo, akakuta keki ya plamu.

"Asante, mwanangu. Goti linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri, mama."

"Lakini uwanjani lilikuwa la kulia."

Kijana akatazama miguu yake, akatazama gari. "Linahama," akasema kwa sauti ndogo.

"Magonjwa ya siku hizi," Ardis akasema, akamkatia kipande cha ile ile keki ale njiani. Wa pili alikuja bila kuchechemea, akasema tu, "Mama kasema niombe radhi, na mimi mwenyewe naomba pia." Wa tatu alileta soseji. Hakuna hata mmoja aliyekasirika, na mimi nikaanza kuwaona wapiga tarumbeta wakisahaulika.

Bakuli dogo halikurudi siku hiyo. Lilirudi Jumatano.

Lilikuja ndani ya gari la mizigo la zamani lililokuwa linarukaruka barabarani kama chura. Akashuka yule mrefu, yuko kwenye magongo, mguu wa kushoto umefungwa mbao kutoka pajani hadi kifundoni. Alikuwa ameendesha peke yake, akikanyaga klachi kwa gongo. Alijitambulisha kwa jina la Leland Pfeifle, anaishi na nyanya yake, na nyanya haoni vizuri kuendesha.

Ardis alivuta kiti, kisha akavuta cha pili kwa ajili ya mguu. Mimi niliacha kujifanya naosha.

"Kano zimekatika," Leland alisema. "Daktari wa hospitali anasema sitacheza tena." Akaweka bakuli mezani. Ndani mlikuwa na maandazi ya nyama yaliyopikwa na nyanya yake. "Mama Kvamme, nimeitwa Ijumaa na mkuu wenu. Ataniuliza kama nilidhihakiwa. Nataka kwanza kukuuliza wewe. Uliponiletea hili, ulijua kwamba mimi nimeumia kweli?"

Nilimtazama Ardis. Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo ni neno fupi, halina uzito, na mimi ningelisema mara nne kabla hajamaliza kuuliza. Niliona macho yake yanakwenda kwenye blanketi la kijani, lililokuwa limekunjwa mgongoni mwa kiti.

"Hapana," akasema. "Nilidhani unaigiza kama wenzako. Nilikuletea kwa kukucheka. Niliporudi juu nilisema wewe ni fundi wa machozi."

Kijana aliuweka sawa mguu wake juu ya kiti.

"Na kocha wangu alidhani hivyo hivyo," akasema mwishowe. "Alikuja, akainama, akaniambia, inatosha Leland, wameshapumua, inuka. Nikamwambia siwezi. Akasema, usizidishe. Wenzangu wakanikonyeza." Akajikuna kwenye ukingo wa bendeji. "Nilikuwa nimezibwa na taulo, nasikia baridi, natetemeka. Halafu kitu cha moto kikaja mapajani."

"Kilikuwa dhihaka, mwanangu."

"Najua. Lakini kilikuwa cha moto."

Ardis aliinuka akampakulia supu, akasimama nyuma yake mpaka alipoimaliza, na alipoondoka alimsindikiza hadi garini, kitu ambacho hakumfanyia hata askofu.

"Ungesema ndiyo," nilimwambia. "Mtoto alikuwa anakuomba useme ndiyo."

"Alikuwa ameshadanganywa vya kutosha wiki hii, Thora."

Ijumaa tulikaa sote ofisini kwa Daktari Aasen. Wale watatu walisema chakula kilikuwa kitamu, hawana neno. Ikaja zamu ya Leland. Aliegemea magongo yake.

"Nilidhihakiwa," akasema. "Mwenyewe amekiri kwangu bila kulazimishwa. Lakini naomba, Daktari, benchi lao msiwanyang'anye. Siku ile hakuna aliyenisadiki, hata yeye, lakini yeye ndiye pekee aliyeniambia kweli, Jumatano, akijua gharama."

Daktari Aasen alivua miwani, akaifuta muda mrefu sana. Nadhani angetoa jino kupata njia. Lakini alikuwa mtu wa zamani, na neno lake lilikuwa limesikiwa na uwanja mzima.

"Kwa mchezo uliobaki," akasema, "benchi ni la tarumbeta. Mwakani tutaona. Samahani, Ardis."

"Usiombe samahani," Ardis akasema. "Ulisema, na sisi tulisikia."

Mchezo wa mwisho ulikuwa Jumamosi iliyofuata, na baridi yake ilikuwa kali hivi kwamba watu waliwasha njiti za kiberiti na mwali ukaganda, wakauvunja wakauweka mfukoni wautumie baadaye. Ardis hakutaka kuja. Nilimkuta kavaa koti, amekaa jikoni, blanketi magotini.

"Nikikaa pengine, Milo atanipata wapi?" akaniuliza. Hakuwa anatania.

Gordy, aliyekuwa amesimama mlangoni na theluji viatuni, akasema, "Mama Kvamme, kwa sauti hiyo yako hata waliobaki Norwei wanakupata. Twende bwana, tunachelewa."

Tulipofika, nje ya uwanja kulikuwa na lile gari la mizigo. Leland alikuwa amelirudisha nyuma hadi kwenye uzio wa mwisho wa uwanja, nyuma ya goli, pale ambapo hakuna anayeweza kukufukuza kwa sababu ni shamba la mtu. Alikuwa ametandika marobota ya nyasi kavu na ameweka jiko dogo la mafuta. Amevaa jaketi la Kessler, jekundu tupu, katikati yetu sote tuliovaa bluu.

Ardis alipandishwa kwa kusukumwa. Alitandika blanketi, akalilainisha kwa viganja. Robo yote ya kwanza hakusema neno. Kule juu tarumbeta zilikuwa zinalia, midomo ya wapigaji nadhani imegandia shaba. Leland alikuwa amesimama kwenye mguu mmoja, maana marobota yalikuwa manne: la Gordy, langu, la Ardis na la blanketi.

"Kaa chini, unaniziba," Ardis alimwambia.

"Sina pa kukaa, mama."

Ardis akatazama blanketi. Kisha akalivuta likawa upana wa watu wawili.

"Milo, sogea kidogo," akasema. "Kijana ana mguu."

Leland akakaa, pembeni kabisa, kwa tahadhari ya mtu anayekaa karibu na mgeni wa heshima. Muda si muda kijana wetu mmoja akaudaka mpira karibu na uzio wetu, akaanguka nao kwenye theluji, na sauti ya Ardis ikatoka kama zamani, nyasi zikapeperuka. Alimweleza Milo kila kitu tangu mwanzo, hata yaliyompita wiki ile. Leland alisikiliza, na mara moja moja alisahihisha, kwamba pale mlinzi alisimama vibaya, kwamba pale angepaswa kuangalia kiuno na si kichwa. Ardis akamwambia Milo, "Unamsikia huyu? Wewe hukuwahi kujua hayo."

Mwaka uliofuata Daktari Aasen alipanda tena ngazi zote kuja kutuambia benchi ni letu. Hakutukuta. Ikabidi ashuke, azunguke uwanja mzima, aje mpaka uzioni, na alipofika kahawa ilikuwa imechemka, mabakuli yako wazi, na tukamwambia apande, nafasi ipo.